Seva inalala kila Jumatatu asubuhi: ninunue kubwa zaidi?

*Mshauri, shikamoo.*

*Nipo Uyole, Mbeya. Nina huduma ndogo ya kuchapisha tovuti: natengeneza, naziweka hewani na kuzitunza. Wateja ni 34. Kuna nyumba za wageni za mjini na Tukuyu, SACCOS mbili, ushirika wa kahawa wa Mbozi, shule, kwaya, wauza miche ya parachichi wa Rungwe. Ya 35 ni yangu, ya bei za mazao: viazi, mchele wa Kyela na Mbarali, mahindi, maharage. Kila mteja hunilipa shilingi 60,000 kwa mwaka, kikoa nje ya hapo.*

*Zote zinaendeshwa na programu ya WordPress, ziko kwenye seva moja ya kukodi huko Ulaya: RAM GB 1, kichakataji kimoja, diski GB 25. Kila Jumatatu kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, nikishatuma kiungo cha bei kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, tovuti zote zinagoma kwa pamoja. Ujumbe unaotokea ni kwamba imeshindikana kuunganisha na hifadhidata. Naiwasha upya, inakaa dakika kumi, inalala tena. Kwenye mpangilio wa PHP, programu inayotengeneza kurasa, pm.max_children ni 40. Aliyeniwekea alisema namba kubwa ndiyo kasi.*

*Diski imefika asilimia 92. Bekapu inatengenezwa na plagini kila usiku na inakaa humo humo kwenye seva. Wageni wa nyumba moja ya Tukuyu wanalalamika kwamba ukurasa wa vyumba unamaliza bando. Una picha 9, kila moja kama MB 4, nilizipakia zilivyotoka kwenye simu. Tovuti ya kwaya nayo, ukiitafuta Google, inakuja na maneno ya kamari. Nikiifungua mwenyewe sioni kitu.*

*Mwenye nyumba ya Tukuyu sasa amechoka, anataka kuondoka na kikoa chake cha .co.tz, ambacho nilikisajili kwa jina langu.*

*Nimetajiwa bei ya seva ya GB 4, mara nne ya ninayolipa sasa. Ninunue?*

*Binti wa Uyole*

---

Marahaba, binti.

Usinunue, si sasa. GB 4 ingekutuliza kweli kwa miezi kadhaa, na hilo ndilo baya lake: picha, bekapu na kamari ya kwaya vingebaki pale pale huku unalipa mara nne.

Tuanze na Jumatatu. Ile namba 40 ni idadi ya vibarua ambao PHP inaruhusiwa kuwaita kwa wakati mmoja. Kila kibarua anapopika ukurasa wa WordPress wenye plagini za kawaida anakula kama MB 50 hadi 60 za RAM. Arobaini mara 55 ni MB 2,200. Wewe una 1,024, na humo humo mfumo wenyewe unachukua 150 hadi 200, hifadhidata 250 hadi 300. Kinachobaki kwa vibarua ni kama 500. Ukituma kiungo, watu mia wanagusa kwa pamoja, vibarua wanaitwa mmoja baada ya mwingine, kumbukumbu inaisha, na mfumo unalazimika kuua mtu ili upumue. Kwa kawaida unamchagua mnene kuliko wote, na mnene ni hifadhidata. Ndiyo maana ujumbe unailaumu hifadhidata, ambayo kosa si lake.

Hakikisha kabla hujagusa chochote. Ingia kwenye seva uandike:

journalctl _TRANSPORT=kernel | grep -i "out of memory"

Ukiona mstari wenye "Killed process" na mbele yake mysqld au mariadbd, saa ikiwa ni ya Jumatatu asubuhi, umeshampata mchawi. Angalia tu kwamba saa ya seva ya Ulaya huenda iko nyuma ya saa yetu kwa saa 1 hadi 3.

Dawa ya siku hiyo hiyo: shusha pm.max_children iwe 7, weka pm iwe ondemand, kisha anzisha PHP upya. Kuanzia hapo mtu wa nane anasubiri kwenye foleni badala ya kuiua hifadhidata. Ongeza na GB 1 ya swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba), lakini baada ya kuisafisha diski, si sasa ikiwa asilimia 92. Swapu ni godoro la kuangukia tu. Seva inayoishi humo inakuwa nzito kiasi kwamba utatamani ife.

Aliyekwambia namba kubwa ndiyo kasi alichanganya mambo mawili. Kichakataji chako ni kimoja. Ukurasa mmoja ukihitaji nusu sekunde ya kazi yake, unatoa kurasa mbili kwa sekunde, uwe na vibarua saba au mia. Wasomaji 300 wakija ndani ya dakika moja ni watano kwa sekunde, na foleni inarefuka tu. Kwa hiyo kupunguza vibarua kutazuia kifo, hakutaleta kasi. Kasi inatokana na kutopika upya chakula kile kile kwa kila anayekaa mezani.

Bei ya viazi ya saa 1 asubuhi ni ile ile kwa wote 300. Ukurasa upikwe mara moja, uwekwe kwenye kache (ghala la kurasa zilizokwisha kupikwa), wengine wote wapakuliwe huo huo bila PHP wala hifadhidata kuamshwa. Kama programu inayogawa kurasa kwenye seva yako ni nginx, inayo kache ya ndani. Washa fastcgi_cache, na kwenye tovuti ya bei muda uwe dakika 5 (fastcgi_cache_valid 200 5m); tovuti za wateja zisizobadilika mara kwa mara zipe saa nzima. Halafu usisahau mistari miwili ambayo wengi huiruka. Wa kwanza ni fastcgi_cache_lock on: ukurasa ukiwa bado haumo kwenye kache, msomaji mmoja tu ndiye anayesababisha upikwe, wengine wanamsubiri. Bila huo, kila unapofuta kache unarudia Jumatatu ndogo. Wa pili ni fastcgi_cache_use_stale error timeout updating http_500: dakika 5 zikiisha, mmoja tu ndiye anayesababisha ukurasa upikwe upya na wengine wanapewa ule wa zamani, na nyuma pakiharibika, msomaji anapewa ukurasa wa mwisho uliokuwa mzima badala ya ujumbe wa hitilafu. Kama ni Apache, tumia plagini ya kache inayoandika kurasa kama mafaili ya HTML kwenye diski, matokeo yanakaribiana.

Kache ina hatari zake. Usihifadhi kitu chochote cha mtu aliyeingia kwa akaunti: ruka kila ombi lenye kuki (alama ndogo inayotunzwa na kivinjari) inayoanza na wordpress_logged_in, kila fomu inayotumwa, na wp-admin yote, yaani eneo la msimamizi. Ukikosea hapo, msomaji wa Chimala ataona ukurasa uliotengenezwa kwa ajili yako ukiwa msimamizi. Hatari nyingine ni wewe mwenyewe kudanganyika. Ukiwa umeingia unaona bei mpya, msomaji bado anaona ya jana. Kwa hiyo ukishabadilisha bei futa kache ya ukurasa huo, ufungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, uone bei mpya kwa macho yako, ndipo utume kiungo. Kwa kufungua hivyo unakuwa umeshaupika wewe, na wa kwanza kwenye grupu anakuta umeiva.

Na andika saa juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi zinazoonekana: "Bei za Jumatatu, zimeandikwa saa 12:50 asubuhi". Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuingilia yasiyonihusu: weka na bei kwa kilo. Gunia la viazi la lumbesa si gunia. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili miaka mingi, lakini wewe na mimi tunajua kinachopakiwa. Bei ya "gunia" isiyo na uzito inaharibu jina la tovuti kuliko seva iliyolala.

Picha sasa. Picha ya simu ina upana wa nukta 4,000 hivi. Simu nyingi za wasomaji wako zinaonyesha nukta 720 hadi 1,080 kwa upana, kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo MB 4 inasafiri kutoka Ulaya hadi Tukuyu kisha inatupwa. Picha 9 ni MB 36. Mwenye bando la GB 1 akifungua ukurasa ule mara 28, bando limekwisha. Wageni wana haki ya kulalamika.

Nakili folda la picha mahali pengine kwanza, kwa sababu amri hii inaandika juu ya picha zenyewe. Kisha ndani ya nakala:

mogrify -auto-orient -resize '1200x1200>' -strip -quality 78 *.jpg

Kila kipande kina kazi yake. Alama ya > inasema punguza tu, usikuze iliyo ndogo. Ikikosa vile vinukuu viwili, seva itadhani unaelekeza matokeo kwenye faili na amri itaharibika. -strip inaondoa taarifa zilizofichwa ndani ya picha, zikiwemo namba za ramani za mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa inazirekodi. Mteja aliyepiga picha ya miche nyumbani kwake hakukusudia kumpa kila mtu ramani ya kufika. Lakini taarifa hizo hizo ndizo zinazosema picha imesimama au imelala, kwa hiyo -auto-orient lazima itangulie, la sivyo nusu ya vitanda vitaonekana vimeegemea ukuta. Utapata picha za KB 150 hadi 250. Ukizigeuza kuwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, zinashuka zaidi. Ukurasa wa MB 36 unakuwa wa MB 2 hivi au chini, na mgeni haoni tofauti. Picha zilizo chini ya ukurasa ziwe na loading="lazy" ili zisishuke kabla msomaji hajazifikia; WordPress yenyewe huiweka kwenye picha nyingi tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, ila ukurasa uliojengwa na plagini ya kuburuta vipande uukague kwa mkono.

Kumbuka pia kwamba WordPress ikipokea picha moja hutengeneza nakala kadhaa za saizi tofauti, na ile kubwa ya asili inaiacha kwenye diski. Kwa hiyo punguza kabla ya kupakia, na wafundishe wateja hivyo hivyo.

Ila diski haikujaa kwa picha peke yake. Andika:

du -xh --max-depth=3 / | sort -h | tail -25

Orodha inaishia na folda kubwa kuliko yote, na nina hakika ndani yake utakuta bekapu. Kila tovuti ikiwa MB 200 tu, usiku mmoja ni karibu GB 7. Plagini ikitunza siku mbili, zaidi ya nusu ya diski yako imeliwa. Diski ikigonga asilimia 100 hifadhidata inashindwa kuandika na unaweza kupoteza majedwali, yaani bekapu inaua kile ilichowekwa kulinda. Seva ikipotea, nayo inaondoka. Tena plagini nyingi huiweka ndani ya folda la tovuti lenyewe, na kama folda hilo halijafungwa, yeyote anayekisia jina la faili anaipakua, paswedi ya hifadhidata ikiwa ndani.

Zima bekapu za plagini kwenye tovuti zote 35. Usiku saa 8 seva itoe nakala ya kila hifadhidata kwa mysqldump --single-transaction, ibanwe, ikae kwenye folda lililo nje ya tovuti. Saa 9, kompyuta nyingine ije *kuivuta* pamoja na mafaili. Nimesema kuvuta kwa makusudi: seva ikiwa ndiyo inayosukuma, ina ufunguo wa ghala, na atakayeivamia seva atafuta na ghala. Kompyuta ya ofisini Uyole inafaa, lakini umeme ukikatika usiku hakuna bekapu, kwa hiyo kodi na nafasi ya kuhifadhi kwa kampuni isiyo ile inayokukodisha seva. Tunza za siku 7, wiki 4 na miezi 6.

Sasa fungua faili moja la bekapu utazame mstari wa mwisho kabisa. Nakala iliyokamilika huishia na maneno "-- Dump completed on" na tarehe. Yasipokuwepo, kazi ilikatika katikati, na ulichonacho ni nusu ya hifadhidata yenye jina la bekapu. Weka ukaguzi huo kwenye skripti ile ile, ikutumie ujumbe ukikosekana. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi chagua mteja mmoja, mrudishe kutoka kwenye bekapu mahali patupu, uangalie kazi ilichukua muda gani. Mteja akiuliza "nikipotea narudi lini?" utakuwa na jibu.

Kwaya imevamiwa. Huoni kwa sababu msimbo uliopandikizwa unampima anayekuja: roboti za Google na watu wanaotoka kwenye matokeo ya utafutaji wanaonyeshwa kamari, anayeandika anwani moja kwa moja anaonyeshwa kwaya. Chanzo cha kawaida ni plagini iliyoachwa bila kusasishwa au muundo wa tovuti (theme) wa kulipia uliopakuliwa bure kwenye tovuti za wizi. Hiyo ya pili jiulize mwenyewe, sitauliza.

Kufuta faili unaloliona hakusaidii, huwa wameacha mlango mwingine. Jenga upya. WordPress mpya, plagini na muundo vipya kutoka vyanzo vyake, halafu chukua vitu viwili tu vya zamani: hifadhidata na folda la uploads. Kwenye uploads endesha find . -name '*.php', faili lolote litakalotokea mahali pa picha ni la kutiliwa shaka, chache za plagini huwa index.php tupu. Kwenye hifadhidata angalia orodha ya watumiaji, utakuta msimamizi usiyemjua. Badilisha paswedi zote na funguo za siri zilizo kwenye wp-config, faili la mipangilio ya tovuti. Kubwa zaidi: kama tovuti zote 35 zinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa mfumo, aliyeingia kwa kwaya anaweza kusoma wp-config ya SACCOS. Kila tovuti ipate mtumiaji wake na kundi lake la PHP. Ukishafanya hivyo ile 7 haitoshi tena, maana makundi 35 kila moja na vibarua wake yatakurudisha kule kule, weka process.max = 8 kwenye faili kuu la php-fpm, ndicho kikomo cha wote kwa ujumla.

Kwa kuwa una SACCOS na fomu zinazokusanya majina na simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Na tovuti ya bei ni maudhui yako mwenyewe: Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zinataka leseni kwa baadhi ya watoa maudhui. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) wana ofisi ya kanda hapo Mbeya mjini, kawaulize kwa maandishi kama unahusika.

Vyeti vya usalama (vya https) hukuvitaja, lakini kama ni vya Let's Encrypt, wanaotoa bure, zile barua pepe za kukumbusha zilikoma Juni 2025. Endesha certbot certificates uone siku zilizobaki; zikiwa chini ya 30 huenda uhuishaji umekwama. Na kama vikoa vingi viko ndani ya cheti kimoja, vitenganishe. Mteja mmoja asipolipia kikoa chake, cheti cha wote kinashindwa kuhuishwa.

Seva ya Dar es Salaam badala ya Ulaya? Ni wazo zuri, kwa baadaye. Kutoka Mbeya kwenda Ulaya na kurudi ni kama sehemu 2 za kumi ya sekunde, na kivinjari kinazunguka kama mara tatu kabla ya herufi ya kwanza kufika. Halafu kuna siku kama 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikayumba. Tovuti iliyohifadhiwa nchini ilikuwa na nafuu. Kwa mapato ya shilingi 2,040,000 kwa mwaka, omba bei za nchini, uzilinganishe baada ya miezi mitatu ya vipimo. Kama wakati huo amri ya free -m inaonyesha safu ya available chini ya MB 100 Jumatatu asubuhi hata kache ikiwa inafanya kazi, nenda GB 2. Nne bado ni nyingi.

Mwenye nyumba ya Tukuyu mpe kikoa chake wiki hii, bila masharti. Jina ni lake, lipo kwenye kibao cha barabarani. Kulishikilia kutakugharimu wateja wengine ambao wanakunywa naye chai. Mwombe msajili abadilishe mmiliki aliyeandikwa, na vikoa vya wengine vyote vifanye hivyo hivyo kabla hawajaomba. Siku moja kabla ya kuhama shusha TTL (muda ambao mtandao unakumbuka anwani ya zamani) ya rekodi za kikoa chake iwe sekunde 300, ili mabadiliko yasichukue siku nzima kuenea. Na kabla hujamkabidhi nakili rekodi zake zote kwenye karatasi, hasa MX, inayoelekeza barua pepe. Fundi mpya akiweka seva zake za majina bila MX, tovuti itafunguka vizuri kabisa na kila mtu atasema kazi imekwisha, huku barua pepe za wageni wanaoomba vyumba haziingii popote.